Nina kompyuta mbili na meza moja: ninunue KVM?

"Fundi, habari za kazi. Mimi ni mhasibu, naishi Morogoro. Siku tatu kwa wiki nafanya kazi nyumbani kwa laptopu ya ofisi, na jioni nashughulikia hesabu za wateja wangu wadogo kwenye kompyuta yangu ya mezani. Meza ni moja, monita ni moja ya inchi 24, kibodi moja, kipanya kimoja. Kila nikibadilisha kazi nachomoa na kuchomeka nyaya, na sasa tundu la HDMI la laptopu limeanza kucheza. Kariakoo wamenionyesha kifaa kinaitwa KVM. Rafiki yangu anasema nisipoteze hela, kuna programu ya bure. Nifuate lipi? Nimeambatanisha picha za nyuma ya vifaa vyote."

Kazi njema dada, na asante sana kwa picha. Zimenieleza mengi kuliko ambavyo ungeweza kuandika. KVM, yaani kiboksi cha kutumia kibodi, monita na kipanya kimoja kwa kompyuta zaidi ya moja, usinunue, na hiyo programu ya bure, ya kuendesha kompyuta mbili kwa kibodi na kipanya kimoja, usiiweke kwenye laptopu ya ofisi. Kinachokufaa wewe ni kebo moja ya DisplayPort na swichi ndogo ya USB ya kuunganisha kompyuta mbili, basi.

Tazama tena picha yako ya tatu, ile ya nyuma ya monita. Kuna matundu matatu ya picha. La kwanza ni HDMI, hilo unalolitesa kila siku. La mwisho ni VGA, la bluu lenye skrubu pembeni. Katikati yao kuna tundu ambalo kwa mbali unaweza kudhani ni HDMI nyingine, lakini ukilisogelea utaona kona moja tu ndiyo imekatwa, tatu zilizobaki ni za mraba. Hilo ni DisplayPort. Naona lina vumbi, hujawahi kuligusa. Monita yako ina uwezo wa kukaa na kompyuta tatu zimechomekwa wakati wote, na kukuonyesha uitakayo kwa kubonyeza kitufe. Kazi unayoifanya kwa kuinama nyuma ya meza, monita ilishatengenezwa kuifanya.

Kifaa kinachoitwa KVM kimepewa jina hilo kutokana na vitu vitatu kinavyovihamisha: kibodi, video na mausi. Kinatumika sana kwenye vyumba vya seva, ambako mashine zimepangwa juu hadi chini kwenye kabati na fundi ana skrini moja tu. Ni kifaa kizuri na nimekifunga mahali pengi. Ila sehemu yake ya gharama na ya usumbufu ni hiyo ya video. Kuhamisha kibodi na kipanya ni jambo dogo. Kuhamisha picha bila kuipotezea ubora ndiko kunakopandisha bei, na kwenye vifaa vya bei ya chini ndiko kunakoleta skrini inayozima sekunde kadhaa, inayopepesa, au inayorudi na ukubwa wa herufi tofauti. Wewe video unayo tayari ndani ya monita. Mbona ulipie mara ya pili?

Tuanze na picha. Kompyuta yako ya mezani ni ile HP ndogo ya mtumba. Nyuma ina DisplayPort mbili na VGA, haina HDMI kabisa. Ndiyo maana aliyekuuzia alikupa kebo yenye kichwa cha DisplayPort upande mmoja na HDMI upande wa pili, na ndiyo maana ukabanwa kwenye tundu moja la monita. Iweke kando kebo hiyo. Nunua kebo ya DisplayPort pande zote mbili, mita moja na nusu au mbili, uitoe kwenye kompyuta ya mezani hadi kwenye lile tundu lenye vumbi. HDMI ya monita ibaki kuwa ya laptopu moja kwa moja, usiichomoe tena.

Dukani wanaweza kukwambia, "Chukua hii ya DisplayPort kwa HDMI, ni ile ile, unageuza tu." Usikubali. Kebo hiyo ina upande wa kuingia na upande wa kutokea. Kutoka DisplayPort ya kompyuta kwenda HDMI ya monita inafanya kazi, kwa sababu DisplayPort za kompyuta nyingi zinajua kutoa mawimbi ya HDMI zenyewe. Ukiigeuza, itoke HDMI ya laptopu iende DisplayPort ya monita, hupati kitu, skrini nyeusi. Kuna ofisi moja niliitwa wakiwa wamenunua kebo kama hizo dazeni nzima, na muuzaji aliwahakikishia zinakwenda pande zote. Tulikaa nusu siku tukibadilisha monita moja baada ya nyingine kabla ya kukubali kwamba monita hazikuwa na kosa. Hakuna hata moja iliyofanya kazi, na duka halikurudisha hela. Kwa hiyo ukifika dukani tamka hivi: DisplayPort huku na DisplayPort huku.

Unaweza kuuliza kwa nini nisitumie VGA kwa kompyuta ya mezani, kwa kuwa kebo yake huenda unayo kwenye droo. Inawezekana, na siku moja ukikwama itakuokoa. Lakini VGA hupeleka picha kwa mawimbi ya analogi, na kwenye skrini ya nukta 1920 kwa 1080 herufi ndogo huwa na ukungu kidogo pembeni. Mtu anayesoma tarakimu za safu kumi na mbili usiku kucha asijifanyie hivyo macho yake. Tatu na nane zitaanza kufanana.

Kwa nini laptopu iwe HDMI na ya mezani iwe DisplayPort? Kwanza ndivyo matundu yako yanavyotaka. Pili, kuna tabia moja inayowachosha watu. Ukiigeuza monita iende kwenye kompyuta nyingine, kwa DisplayPort mara nyingi kompyuta iliyoachwa huona kama monita imechomolewa. Ikiwa ni laptopu, basi madirisha yote uliyoyapanga kwenye monita kubwa hurukia skrini yake ndogo, na ukirudi unaanza kupanga upya. HDMI kwa kawaida ni mvumilivu zaidi. Kompyuta ya mezani haina skrini nyingine ya kurukia, kwa hiyo kwake haina madhara makubwa. Kama laptopu ina Windows 11, ingia kwenye mipangilio ya skrini, sehemu ya skrini nyingi, utakuta kisanduku cha kuitaka ikumbuke mahali pa madirisha kulingana na monita iliyounganishwa. Hakikisha kimewekwa alama.

Kisha fungua menyu ya monita yenyewe, kwa vile vitufe vya chini ya fremu, utafute mahali pa kuchagua chanzo cha picha. Zima uchaguzi wa kiotomatiki. Usipouzima, siku laptopu ikilala monita itajirukia yenyewe kwenda kompyuta ya mezani, au ikukatae kabisa pale unapotaka kubadilisha. Ukiwa humo humo, angalia kama inakuruhusu kukipa kitufe kimoja kazi ya njia ya mkato. Monita nyingi za ofisini zinaruhusu. Kipe kazi ya kubadilisha chanzo. Badala ya kupita kwenye menyu hatua nne, utabonyeza kitufe hicho tu.

Picha imekwisha. Sasa kibodi na kipanya.

Swichi ya USB ninayoisema ni kiboksi cha ukubwa wa kiberiti kikubwa. Upande mmoja kina matundu mawili yanayokwenda kwenye kompyuta mbili, upande wa pili kina matundu ya kawaida ya USB, mara nyingi manne, na juu kina kitufe na taa mbili. Taa ya 1 ikiwaka, kila kilichochomekwa ni cha kompyuta ya kwanza. Bonyeza, taa ya 2 inawaka, kompyuta ya kwanza inaona kama umechomoa kibodi na ya pili inaona kama umeichomeka. Ndani hakuna maajabu, na ndiyo sababu ni rahisi na haiharibiki ovyo. Hakihitaji programu, kwa hiyo laptopu ya ofisi iliyofungwa kila kona haitalalamika.

Chukua chenye nyaya mbili za kuunganishia ndani ya boksi, kwa sababu baadhi yake huuzwa bila nyaya na vichwa vyake si vya kawaida. USB 2.0 inakutosha sana: inapitisha megabiti 480 kwa sekunde, na kibodi pamoja na kipanya havitumii hata chembe ya kiasi hicho. Ukipata chenye kitufe cha pembeni kinachoning'inia kwa waya wake, kinunue hicho. Kiboksi unakificha nyuma ya monita pamoja na nyaya zote, kitufe peke yake ndicho kinakaa karibu na mkono.

Na kuna kitu kingine nimekiona kwenye picha yako. Chini ya monita, karibu na matundu ya picha, kuna tundu la mraba lenye kona mbili za juu zilizochongwa, kama la printa. Hilo ni mlango wa USB wa monita, na ubavuni monita ina matundu mengine ya USB ambayo bila shaka hujawahi kuyatumia kwa sababu hayafanyi kitu hadi tundu hilo la mraba liunganishwe. Peleka waya mmoja kutoka kwenye swichi hadi hapo, kisha kibodi na kipanya uvichomeke ubavuni mwa monita. Waya wa aina hiyo ni ule ule wa printa. Meza itabaki safi. Wengine wakiona matundu hayo hudhani monita ina KVM ndani. Monita zenye KVM ndani zipo, lakini huwa na milango miwili au zaidi ya kuingiza USB, huku yako ikiwa na mmoja tu.

Kipanya chako hakina waya, kinatumia kidude kidogo cha USB. Kidude hicho kiweke mbali na matundu ya USB 3 yenye rangi ya bluu yanayofanya kazi nzito, hasa yenye diski ya nje. USB 3 hutoa kelele ya mawimbi kwenye masafa ya gigahezi 2.4, na humo ndimo kipanya chako kinamozungumza. Kipanya kikianza kusitasita au kuruka, watu hubadilisha betri kumbe dawa ni kuhamisha kidude tu, au kukisogeza mbele kwa waya mfupi.

Printa unaweza kuiweka kwenye swichi, kompyuta zote mbili zikaitumia kwa zamu. Usibonyeze tu wakati karatasi inatoka. Diski ya nje na flashi usiweke hapo kamwe. Kila ukibonyeza ni sawa na kuzing'oa bila kuaga, na kwa mhasibu faili moja la mwezi likiharibika ni usiku mzima umepotea. Hedifoni za mikutano ziache zimechomekwa kwenye laptopu moja kwa moja. Vinginevyo siku moja utakuwa kwenye mkutano na bosi, utabonyeza kwenda kuangalia kitu kwenye kompyuta yako, na sauti yako itaondoka na kibodi.

Nakuja kwa rafiki yako na programu yake. Hakukosea, ila ametatua tatizo ambalo si lako. Programu za namna hiyo zipo tangu zamani. Synergy ilianza 2001, kutoka kwake ikachipuka Barrier, na Barrier ilipopoa wengine wakaiendeleza kwa jina la Input Leap. Microsoft nao wana Mouse Without Borders, ambayo tangu 2023 imo ndani ya PowerToys, kifurushi chao cha programu ndogo za bure, na inaunganisha hadi kompyuta nne. Apple wana Universal Control kwa wenye Mac na iPad. Zote hufanya kazi kwa wazo moja: kila kompyuta ina skrini yake, na kipanya kikifika ukingoni mwa skrini ya kwanza kinavuka na kutokea kwenye ya pili, mara nyingi kikiwa kimepita kwenye mtandao wa nyumbani. Ni tamu mno kuitumia. Mimi mwenyewe kwenye karakana ninazo kompyuta mbili zangu ninazoziendesha hivyo siku nzima, nanakili neno huku nabandika kule.

Lakini haigawi monita. Hata herufi moja ya picha haiendi upande wa pili. Ukiitumia, monita kubwa itakuwa ya kompyuta ya mezani peke yake na laptopu utaisoma kwenye skrini yake ndogo. Kubwa zaidi, ile laptopu si yako. Programu hiyo husafirisha kila unachobonyeza, nywila zikiwemo, na inaruhusu kunakili hesabu za mwajiri na kuzibandika kwenye kompyuta inayotumika kwa wateja wengine. Hata kama wewe ni mwaminifu kiasi gani, siku watu wa kompyuta wa ofisini wakiikuta, maelezo yatakuwa marefu. Mara nyingi hata haitakubali kuingia bila nywila ya msimamizi. Swichi ya USB haipitishi taarifa kutoka kompyuta moja kwenda nyingine. Inapeleka vidole vyako tu. Kwa mtu anayeshika vitabu vya watu wawili tofauti, hilo kwangu ndilo la kwanza, hata kabla ya bei.

Ili nisiinyime KVM haki yake: ningekushauri uinunue kama monita ingekuwa na tundu moja tu la picha, au ungekuwa na monita mbili za kuhamisha kwa pamoja, au ungebadilisha kompyuta mara thelathini kwa siku. Wewe unabadilisha mara chache tu. Siku ukifika huko, usisome neno 4K peke yake kwenye boksi. Tafuta namba iliyoandikwa pamoja na Hz, yaani picha ngapi zinaonyeshwa kwa sekunde. Vyenye HDMI ya kizazi cha 1.4 hufikisha 4K kwa picha 30 kwa sekunde, na kipanya huonekana kizito kama kinapita kwenye uji, unataka 60. Ulizia pia kama kinaiga EDID, yaani zile taarifa ambazo monita huipa kompyuta kujitambulisha, ili kompyuta iliyoachwa iendelee kuona kwamba monita bado ipo na madirisha yasiruke. Muuzaji asiyejua EDID ni nini, mwombe akuruhusu kukijaribu kifaa hapo hapo dukani.

Ukishazoea vibonyezo viwili, kimoja cha swichi na kimoja cha monita, na ukatamani viwe kimoja, kuna njia. Monita nyingi husikiliza amri kutoka kwenye kompyuta kupitia waya ule ule wa picha. Utaratibu huo unaitwa DDC/CI. Kuna programu ya bure inaitwa display-switch inayoangalia kibodi: ikiondoka, inaiambia monita ihamie HDMI, ikirudi, inaiita tena DisplayPort. Unaiweka kwenye kompyuta yako ya mezani tu, laptopu ya ofisi haiguswi. Tatizo ni kwamba baadhi ya monita hukubali amri kutoka kwenye waya unaoonyesha picha kwa wakati huo tu. Zikiwa hivyo, kwenda kutakuwa kwa kibonyezo kimoja na kurudi kwa viwili. Ijaribu baada ya wiki mbili tatu, usianze nayo.

Upande wa umeme. Chaja ya laptopu kwenye picha yako ina pini mbili, ya kompyuta ya mezani ina pini tatu. Umewahi kupitisha mkono juu ya bati la laptopu ikiwa inachaji ukahisi kama inatetemeka kidogo? Ni umeme mdogo unaovuja kwenye kichujio cha chaja, na hauna pa kwenda. Ukiunganisha mashine mbili kwa HDMI na USB, unapata pa kwenda: hupita kwenye bati la monita na la kompyuta ya mezani hadi kwenye waya wa ethi. Kwa hiyo vyote vichomeke kwenye ekstensheni moja yenye pini tatu za kweli, kwenye soketi yenye ethi inayofanya kazi. Nyumba nyingi za kupanga zina soketi ya matundu matatu ambayo la juu halijaunganishwa na kitu. Mwite fundi umeme aipime. Ni kazi ya dakika chache. Na siku ya kufunga, zima kila kitu, chomeka nyaya zote za picha na za USB, ndipo uwashe umeme.

Laptopu usiifunge, iweke pembeni ikiwa wazi, iwe skrini yako ya pili saa za ofisi. Ukiifunga italala, na nyingine zikishalala kibodi iliyotokea kwenye swichi haiziamshi hadi uzifungue kwa mkono.

Limebaki tundu linalocheza. HDMI ya kawaida kwa kanuni zake inatakiwa kuvumilia kuchomekwa mara 10,000, na USB ya kawaida mara 1,500. Ukichomeka kibodi mara nne kwa siku, 1,500 inaisha kwa zaidi kidogo ya mwaka. Lakini HDMI yako haikufikia hata sehemu ndogo ya 10,000. Hesabu hiyo ni ya kichwa kinachoingia kikiwa kimenyooka, na wewe, kwa jinsi meza ilivyo ukutani, umekuwa ukikiingiza kwa kukipinda. Kinachocheza huenda ni solda ya miguu ya tundu kwenye bodi. Ikiwa picha bado haikatiki, chomeka kebo mara moja, ifunge kwa kamba ya plastiki kwenye mguu wa meza ili uzito usining'inie kwenye tundu, na iache hapo. Ikiwa imeanza kukatika ukiigusa, usiilete kwangu wala usiipeleke kwa fundi wa mtaani, maana mashine si yako na inaweza kuwa bado na dhamana. Waandikie ofisini leo, kabla ya kununua chochote, uwaeleze tundu lilivyo na uwatumie picha yake.